Rumi Katika Vazi la Kiswahili: Uchunguzi wa Tafsiri Mbili za Julius Nyerere

Nia ya makala haya ni kuchungua tafsiri mbili za Julius Kambarage Nyerere kwa upande usio wa kawaida. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya kifo cha Caesar ilitolewa na Oxford University Press mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Ilisahihishwa, ikatolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi. Kwa desturi vitabu hivi husomwa kama mkutano wa lugha mbili, Kiingereza na Kiswahili, na swali linaloulizwa ni kama maana ya Kiingereza imefika salama. Swali hilo ni la haki, lakini ni dogo. Mambo yasimuliwayo katika tamthilia ya Caesar hayakuwa ya Kiingereza tangu mwanzo. Yalikuwa mambo ya Warumi, yakaandikwa na Myunani, kisha yakafufuliwa na watu wa Ulaya zaidi ya miaka elfu baadaye. Basi twataka kuuliza: ufufuo huo ulifanywa kwa kanuni gani? Na je, mfasiri wetu ameifuata kanuni hiyo au ameivunja?

Zama ninazozitaja ni zile za karne ya 15 na ya 16, ambazo wanachuoni wa Ulaya huziita Kuzaliwa Upya. Hapa nitaziita zama za Ufufuo. Yafaa kwanza tuondoe dhana moja. Si kweli kwamba kabla ya zama hizo Ulaya ilikuwa imewasahau Warumi. Mashairi ya Virgil yalisomwa wakati wote, na jina la Caesar halikupotea. Kilichobadilika ni namna ya kuwatendea wafu. Kabla ya Ufufuo walipewa mahali katika mpango uliokwisha kupangwa. Katika Ufufuo waliitwa waje kujibu maswali ya walio hai. Hakuna mtu anayelidhihirisha jambo hili kuliko Brutus, yule rafiki aliyemwua Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo.

Dante, aliyefariki mwaka 1321, alimweka Brutus chini kabisa katika Jehanamu, pamoja na Cassius na Yuda, wakitafunwa na Ibilisi. Kwake yeye aliyemsaliti Caesar na aliyemsaliti Kristo walikuwa wa daraja moja, maana ufalme wa dunia na kanisa vyote viwili viliwekwa na Mungu. Sasa tupite karne mbili. Jamhuri ya Florence ilianguka mwaka 1530, ukoo wa Medici ukatawala. Mwaka 1537 Mtawala Alessandro wa Medici aliuawa na jamaa yake mwenyewe, Lorenzino. Mwuaji huyo alitengenezewa nishani yenye majambia mawili na kofia ya uhuru katikati, nakala ya sarafu ambayo Brutus mwenyewe aliitoa baada ya kumwua Caesar. Sarafu hiyo ya Kirumi iliitwa denarius, ndilo neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu kama dinari. Miaka michache baadaye Michelangelo akachonga katika marmari sanamu ya kichwa na mabega ya Brutus, kwa ajili ya Kardinali Niccolò Ridolfi, mmoja wa wapinzani wa Medici. Umbo lake limefuata sanamu za watawala wa Rumi: shingo imegeuka kwa nguvu, vazi limefungwa begani kwa kishikizo. Msaliti wa Dante amekuwa shujaa wa watu waliopoteza jamhuri yao.

Lakini habari haikuishia hapo. Sanamu hiyo, iliyomo sasa katika jumba la Bargello mjini Florence, haikumalizika. Baadaye palitiwa chini yake beti ya Kilatini inayodai kwamba mchongaji aliacha kazi alipoukumbuka uovu wa mtu aliyekuwa akimchonga. Jiwe ni lile lile, uso ni ule ule, na hukumu imegeuzwa kwa maneno mawili matatu. Hii ndiyo kanuni tuliyokuwa tukiitafuta. Mafundi wa Ufufuo walichukua umbo la kale kwa uangalifu mkubwa, lakini swali walilotaka umbo hilo lilijibu lilikuwa lao wenyewe. Aliyeiga umbo bila swali alibaki mwigaji tu, na aliyekuwa na swali bila kujifunza umbo hakuwa na kitu cha kufufua.

Tukija kwa Shakespeare twaona kanuni hiyo ikifanya kazi katika lugha. Plutarch, Myunani wa Chaeronea, aliandika maisha ya Caesar na ya Brutus yapata miaka 150 baada ya vifo vyao. Jacques Amyot aliyatafsiri kwa Kifaransa mwaka 1559. Thomas North aliyatoa katika Kifaransa hicho akayatia katika Kiingereza mwaka 1579. Shakespeare akakichukua kitabu cha North akatunga tamthilia, na mgeni mmoja kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliandika kwamba mnamo Septemba 1599 aliona mjini London mchezo wa Caesar ukichezwa. Kwa hiyo mtu anayelaumu tafsiri ya Kiswahili kwa kuwa ni tafsiri ya kitu kilichotoka mbali ajue kwamba anamlaumu Shakespeare pia. Alipoketi kuandika, Rumi ilikuwa imekwisha kupita mikono mitatu kabla ya kufika kwake.

Tena alikuwa na sababu kubwa kuliko sisi ya kuikataa. Caesar hakuwa babu wa Waingereza. Alikuwa adui aliyevuka bahari akawavamia watu wa kisiwa chao mwaka 55 na 54 kabla ya Kristo, na karne moja baadaye Warumi walirudi wakakitawala. Zama za Ufufuo Waingereza walijifunza Kilatini, lugha ya waliowahi kuitawala nchi yao, wakachukua humo kila walichokihitaji, wakakivika lugha yao ambayo wanachuoni wengi wa Ulaya waliihesabu kuwa lugha ya washamba. Mtu wa Tanganyika aliyeshika kalamu mwaka 1963, mwaka wa pili baada ya uhuru wa 1961, alikuwa akitenda kwa Kiingereza jambo lile lile ambalo Kiingereza kilikitendea Kilatini. Huko si kunyenyekea. Ni kudai urithi.

Hata hivyo, je, Kiswahili kilikuwa kitupu kabla ya urithi huo kufika? Hapa ndipo penye jambo ambalo mtaalamu wa lugha hana budi kulizingatia. Rumi na Uyunani zilikwisha kuingia katika Kiswahili zamani, kwa mlango wa Kiarabu. Neno kalamu asili yake ni ya Kiyunani. Vivyo hivyo karatasi, kanuni, almasi na falsafa. Sabuni ina asili ya Kilatini. Maneno haya yalipitia kwa Waarabu, nao ndio waliowahifadhi na kuwafasiri wanafalsafa wa Kiyunani. Raphael, alipochora katika jumba la Papa picha yake ya wanafalsafa wa kale kati ya mwaka 1509 na 1511, alimtia humo Ibn Rushd akiwa na kilemba. Hilo lilikuwa ungamo la deni. Katika fasihi yetu wenyewe, Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani katika Pate mwaka 1728, husimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Herekali huyo ni Heraclius, aliyetawala Constantinople akijiita mrithi wa akina Caesar. Basi miaka 235 kabla ya kitabu cha 1963 mfalme wa Rumi alikwisha kusemeshwa katika beti za Kiswahili.

Kwa mwanga huo tuyatazame majina ya tafsiri hii. Jina la kwanza, Julius Caezar, halikutulia: nusu yake ni maandishi ya Kilatini, na ile z haimo katika Kilatini wala katika Kiingereza. Jina la 1969, Juliasi Kaizari, limekubali sauti na maandishi ya Kiswahili, na kwa hilo mfasiri astahili sifa. Lakini lichunguze vizuri. Juliasi limesikiwa kwa sikio la Kiingereza, ilhali wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walikwisha kuandika Yulio. Kaizari, kwa upande mwingine, haliwezi kutoka katika Kiingereza, kwa kuwa Mwingereza huanza jina hilo kwa sauti ya s. Ile k yake ni ya Kilatini, ya Kiyunani na ya Kiarabu, na neno Kaisari lilikuwa tayari katika Biblia ya Kiswahili. Tena ni ile k ya Kijerumani. Na wazee wa pwani hii waliishi chini ya Kaiser hadi Vita Kuu ya kwanza. Jina moja basi lina masikio mawili. Mimi ningalipendelea Kaisari, kwa sababu lingaliunganisha kitabu na lugha iliyokwisha kuwepo, badala ya kumleta Caesar kama mgeni asiye na jamaa mjini. Lakini nakiri kwamba z ile inatukumbusha kuwa watawala wengi wamejivika jina hilo, na kwamba mmoja wao alitutawala sisi.

Shutuma nzito zaidi inahusu vina. Mfasiri ameitafsiri tamthilia kwa mistari isiyo na vina, na kwa msomaji aliyelelewa katika utenzi na shairi hilo ni jambo la kushtusha. Miaka 9 tu ilikuwa imepita tangu Sheikh Kaluta Amri Abedi atoe kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi, mwaka 1954, akiziweka bayana kanuni za vina na mizani. Kwa kipimo hicho mistari ya Juliasi Kaizari si shairi. Watetezi wa mfasiri hujibu kwamba Shakespeare naye hakutumia vina katika sehemu kubwa ya tamthilia yake, nao husema kweli. Ila jibu hilo latuacha tukimtii Shakespeare bila kujua yeye alimtii nani.

Jibu kamili limo katika historia ya Ufufuo. Kiingereza cha kabla ya karne ya 16 hakikuujua mstari huo. Aliyeuleta ni Henry Howard, Earl wa Surrey, aliyeuawa mwaka 1547, alipotafsiri kitabu cha pili na cha nne cha Aeneid ya Virgil. Kilatini cha Virgil hakina vina. Mahadhi yake yatoka katika urefu na ufupi wa silabi. Katika Italia Trissino alikwisha kuandika tamthilia yake Sofonisba, iliyochapishwa mwaka 1524, kwa mistari isiyo na vina, akitaka kuwakaribia Wayunani na Warumi. Basi mstari usio na vina katika Kiingereza ulizaliwa ndani ya tafsiri, kwa juhudi ya kufufua umbo la kale, na wakati huo ulikuwa ugeni mtupu. Baada ya miaka isiyozidi 60 ukawa ndio sauti ya tamthilia ya Kiingereza. Mfasiri wetu, kwa kuacha vina, aliufanyia Kiswahili kile ambacho Surrey aliufanyia Kiingereza. Miaka 11 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, na mjadala juu ya mashairi yasiyo na vina ukawaka. Sisemi kwamba kitabu cha kwanza kilikizaa cha pili, kwani Kezilahabi alikuwa na chemchemi zake mwenyewe. Nasema kwamba sikio la msomaji wa Kiswahili lilikuwa limekwisha kupewa nafasi ya kusikia mstari mrefu ukitembea bila kengele ya kina mwishoni.

Hapo pia pana hasara, na haifai tuifiche. Maneno ya Kiingereza aghalabu ni mafupi, na ya Kiswahili hubeba viambishi. Mstari wa silabi 10 wa Shakespeare hauwezi kuingia katika silabi 10 za Kiswahili bila kukatwa. Palipoondolewa vina, sharti mahadhi yasimamiwe na kitu kingine: mpangilio wa maneno, marudio, pumzi ya msemaji. Hicho ndicho kipimo cha haki cha kumhukumu mfasiri, wala si orodha ya vina asivyovitia.

Natoa mfano mmoja mdogo wa jinsi Kiswahili kinavyoweza kuikaribia Rumi hata kumpita Shakespeare. Usiku kabla ya mauaji, wala njama husikia saa ikigonga mara tatu. Wasomaji wengi wamecheka, kwani Rumi ya Caesar haikuwa na saa ya kugonga. Saa za namna hiyo zilionekana Ulaya zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Vivyo hivyo Shakespeare amemvika Caesar koti la kubana la siku za Elizabeth. Hayo hayakuwa ujinga, bali ndiyo ile kanuni ya Ufufuo: Rumi yaingizwa ndani ya nyumba ya mwenye kuifufua. Sasa, saa tatu ya usiku ule kwa Kiswahili ni saa tisa, kwa sababu sisi huanza kuhesabu saa za usiku jua linapotua. Na Warumi walihesabu hivyo hivyo: saa 12 za mchana tangu jua kuchomoza, na saa 12 za usiku tangu kutua. Katikati ya Machi, ambapo usiku na mchana hukaribia kulingana, wakati ule kwa Mrumi ulikuwa saa ya tisa ya usiku. Mswahili na Mrumi wanaafikiana juu ya kichwa cha Mwingereza.

Lakini swali je? Tumesema kwamba ufufuo bila swali ni uigaji. Tanganyika ilikuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, na aliyekuwa Rais wake wa kwanza ndiye aliyetoa, mwaka uliofuata, tamthilia ya kufa kwa jamhuri ya kale. Neno jamhuri kwa asili yake ya Kiarabu lina maana ya umma, watu kwa jumla, nalo latoa vizuri maana ya maneno ya Kilatini yaliyomaanisha jambo la umma. Brutus anaua ili jamhuri isife, na kwa kuua anaiua. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, kando ya barabara ya Bagamoyo, katika Kinondoni. Haiyumkini kwamba msomaji wa Dar es Salaam aliyekifungua kitabu hiki baada ya juma lile alikisoma kama alivyokisoma kabla yake. Michelangelo aliwachongea watu waliokwisha kupoteza jamhuri. Mfasiri wetu aliwaandikia watu walioipata juzi. Kwa hao wa kwanza Brutus ni matumaini. Kwa hao wa pili ni onyo, na hata onyo hilo lina pande mbili, maana tamthilia haimwachii mtawala raha: Caesar naye amekosa kwa kutosikia.

Katika Mabepari wa Venisi swali limezidi umbo. Bepari ni neno lenye asili ya Kihindi, na katika kamusi za zamani maana yake ni mfanyabiashara tu. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikwisha kuwa jina la mwenye mali anayenyonya jasho la wengine. Zaidi ya hayo, mfanyabiashara wa Shakespeare katika jina la tamthilia ni mmoja, yaani Antonio. Hapa wamekuwa wengi. Kwa hiyo Antonio, akopeshaye bila riba, ametiwa katika zizi moja na Shylock, atozaye riba, kabla pazia halijafunguliwa. Hii ni hoja ya mfasiri, na ni hoja ya maana, kwa kuwa utajiri wa mji wa Venice ulijengwa kwa biashara ya wengi. Lakini hoja iliyowekwa mlangoni humzuia msomaji kuifikia mwenyewe ndani. Michelangelo hakuandika hukumu chini ya sanamu yake. Iliandikwa na wengine, nayo haikumwongezea Brutus kitu.

Hapana budi tumjibu mwenye kupinga mradi wote. Atasema kwamba watu wa Ufufuo walichimba magofu yaliyokuwa miguuni pao. Brunelleschi alikwenda Roma kupima majengo ya kale, nasi tuna ya kwetu. Hapa Kinondoni penyewe, katika Kunduchi, yako magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo zilizopambwa kwa vyombo vya kauri vya Kichina. Kwa nini basi tukahangaike na Rumi? Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake limo katika kazi za mfasiri huyo huyo. Aliishi miaka mingi katika nyumba yake ya Msasani, si mbali na magofu hayo. Na mwaka 1996, miaka 33 baada ya kuacha vina, alitoa tafsiri ya Injili nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi, umbo lile lile la Mwengo wa Athumani. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiyunani, chini ya utawala wa Warumi. Safari hii kitu cha mbali kilikuja kuvaa vazi la kale la pwani yetu wenyewe, vina vyote vikiwa mahali pake.

Kwa hiyo mtu mmoja amezijaribu njia zote mbili za ufufuo: kuileta Rumi katika umbo geni, na kulifufua umbo letu kwa kulitia jambo geni. Ni haki zisomwe pamoja. Kazi inayowangoja wanafunzi wa Kiswahili ni kuyaweka matoleo ya 1963 na 1969 bega kwa bega, mstari kwa mstari, na kando yao beti za 1996, ili waone sikio la mfasiri lilivyobadilika na wapi lilirudi nyumbani. Kazi hiyo itahitaji subira kuliko sifa. Ndiyo subira waliyokuwa nayo wale waliopima nguzo za Roma kabla ya kuthubutu kusimamisha za kwao.